Msako wa usiku nyumbani: sheria inasema nini, na sisi tufanye nini?

Maneno haya yalisemwa mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika, na mtumishi wa shirika la amani la mahali, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia zinazowapokea, machefu wa mitaa na askari polisi waliokubali mwaliko.

 

Ninyi wenyewe ndio mliomba tuzungumze habari hii. Katika mikutano iliyopita tulishughulika na mashamba ya kukodi, chakula na masomo ya watoto, na kila mara mwishoni mtu alinyanyua mkono akauliza: "Na wale wanaovunja mlango usiku, tuwafanyeje?" Leo tumetenga siku kwa ajili ya swali hilo. Nitasema kwanza kwa nini linatuhusu sisi. Kisha nitaeleza sheria ya nchi yetu, hatari za kuingia bila hodi, na mwisho mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kufanya.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katika desturi zetu zote, tuwe Waluba, Watabwa, Wabembe, Waholoholo au Watwa, mtu hafiki kwenye nyumba ya mwenzake akaingia tu. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja aambiwe karibu. Hata mwenye deni lako anapiga hodi. Hata chefu anapiga hodi. Anayeingia bila hodi usiku, tangu zamani, tulimjua kwa jina moja tu: mwizi au adui.

Mkimbizi hana nyumba yake. Amekodi chumba, au amepewa kibanda nyuma ya nyumba ya jamaa, au analala chini ya turubai. Familia tatu zinaweza kulala ndani ya kiwanja kimoja. Wengine wenu mlikimbia vijiji vya Nyunzu na Manono wakati wa mapigano ya Waluba na Watwa ya miaka ya 2016 na 2017. Wengine mlitoka Fizi na Uvira. Baada ya mji wa Goma kuchukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata, watu wengi wa Kivu walifika hapa wakipitia ziwa na barabara. Kati yao walikuwamo raia na pia askari waliokimbia na silaha zao. Tangu hapo kila mgeni anatazamwa mara mbili. Watu wanauliza: huyu ni nani, ametoka wapi, ameficha nini?

Kwa hiyo mlango wa mkimbizi ndio unaopigwa teke kwanza. Mara nyingine ni nyumba moja inayotafutwa. Mara nyingine ni ile ambayo watu wa mji wanaita bouclage: mtaa mzima unazungukwa alfajiri, wanaume wanatolewa nje na kukalishwa chini, nyumba zinapekuliwa moja baada ya nyingine. Kutafuta silaha si kosa. Sisi sote tunataka silaha zitoke mitaani, kwa sababu zinatuua sisi. Swali letu la leo ni namna ya kuzitafuta.

2. Sheria inasema nini

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika Kifungu cha 29 kwamba makao ya mtu hayavunjwi. Hakuna ruhusa ya kuingia kuyatazama wala kuyapekua isipokuwa kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Kifungu hicho hakisemi "nyumba ya matofali" wala "nyumba yenye hati ya kiwanja". Kinasema makao. Chumba ulichokodi ni makao yako. Kibanda chako cha turubai, ambamo unalala na watoto wako, ni makao yako.

Masharti hayo tunayakuta hasa katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo asili yake ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Tuyashike matatu.

La kwanza ni nani anayepekua. Si kila mwenye silaha au sare ana uwezo huo. Anayepekua ni magistra wa parke au OPJ, yaani ofisa wa polisi anayefanya kazi ya mahakama. OPJ anayefika nyumbani kwako kwa upelelezi wa kawaida anapaswa kuwa na karatasi ya ruhusa. Kwa kuwa karatasi zetu huandikwa kwa Kifaransa, jueni maneno yaliyo juu yake. Karatasi ya kupekua nyumba huandikwa mandat de perquisition. Karatasi ya kumleta mtu kwa nguvu huandikwa mandat d'amener. Convocation ni mwito tu, haimpi mtu ruhusa ya kuingia chumbani kwako na kufungua masanduku. Kijana wa kikundi cha kujilinda, hata kama ana bunduki na anasema anapigania nchi, hana uwezo wowote wa kupekua nyumba.

La pili ni saa. Upekuzi wa nyumba unaanza kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa tatu usiku. Nje ya saa hizo inatakiwa ruhusa ya hakimu mkuu wa mahakama. Maana yake, usiku wa manane si saa ya kawaida ya kazi hiyo. Anayekuja saa nane usiku ndiye anayepaswa kueleza kwa nini amekuja saa hiyo.

La tatu ni mashahidi. Sheria inataka upekuzi ufanyike mbele ya anayeshukiwa na mbele ya mwenye nyumba, isipokuwa kama hawapo au wamekataa kushuhudia. Tafakarini sharti hili. Mtu aliyeamshwa na mlango kuvunjika, tochi machoni, hajui walioingia ni nani, anashuhudia nini? Na kama hakushuhudia, atajuaje kama risasi inayoonyeshwa asubuhi ilitoka chini ya kitanda chake au mfukoni mwa aliyeingia? Sharti la mashahidi linamlinda mwenye nyumba, na linamlinda pia polisi mwaminifu asije akasingiziwa kwamba ameiba au ameweka kitu.

Zipo sababu zinazoruhusu kuingia bila karatasi, nami sitaki kuwaficha. Kama kosa linatendeka wakati huo huo au limetoka kutendeka sasa hivi, polisi anaweza kuingia. Mwizi akikimbilia chumbani kwako huku akifukuzwa, usidai karatasi. Kama mwenye nyumba mwenyewe amekubali au ameita msaada, hapo pia hakuna shida. Tena kuna hali ya kuzingirwa. Kwa amri za Rais za tarehe 3 Mei 2021, hali hiyo iliwekwa katika majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini kuanzia tarehe 6 Mei 2021, na wakuu wa jeshi wakapewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Jimbo letu la Tanganyika halikuwekwa katika amri hizo. Lakini hata mahali ambapo usiku umeruhusiwa, kuua, kutesa, kubaka na kuiba havikuruhusiwa. Kifungu cha 61 cha Katiba kinasema wazi kwamba haki ya kuishi na katazo la mateso haviondolewi kwa hali yoyote, hata hali ya kuzingirwa.

Vifungu vingine vitatu ni vya kukumbuka. Kifungu cha 17 kinasema kwamba kosa ni la mtu mmoja mmoja: hakuna anayekamatwa kwa ajili ya tendo la mwingine. Kumchukua mke kwa sababu mume hakuonekana, au baba kwa sababu mtoto ameingia porini, ni kinyume cha Katiba. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoisikia, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia yake au mtetezi wake, na asikae kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya wenye mamlaka. Na Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa ajili ya kabila lake au mahali anapokaa.

Kwetu sisi tuliohama kuna pia Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa juu ya Wakimbizi wa Ndani, za mwaka 1998. Kanuni ya 12 inasema mkimbizi wa ndani alindwe asikamatwe wala kufungwa kwa ubaguzi kwa sababu tu amehama. Kuitwa deplase si kosa la jinai.

3. Hatari za kuingia bila hodi

Wengine watasema: "Ukipiga hodi, mhalifu anatoroka au anaficha silaha. Afadhali kumshtukiza." Ni hoja ya kweli, na tusiidharau. Polisi pia wana wake na watoto, nao wanaogopa kupigwa risasi mlangoni. Lakini tuangalie yaliyotokea mahali ambapo njia hiyo ilifuatwa.

Tuanze na nchi yetu. Mwezi wa Novemba 2013 polisi walianza Kinshasa operesheni iliyoitwa Likofi, yaani ngumi, ili kuwamaliza vijana wahalifu wanaoitwa kuluna. Watu wa mji walikuwa wamechoka na kuluna, na wengi mwanzoni walifurahi. Lakini vijana walitolewa nyumbani usiku na polisi, mara nyingi waliofunika nyuso, bila karatasi yoyote. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Oktoba 2014, ilihesabu watu wasiopungua 9 waliouawa na 32 waliopotezwa katika miezi mitatu tu. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2014, lilihesabu vijana na wanaume wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliopotezwa. Familia nyingi hazikujua ni nani aliyemchukua mtoto wao wala zimuulize nani. Mlango uliofunguliwa na mtu asiye na uso wala karatasi hauachi alama ya kufuata.

Mfano wa pili unatoka Marekani, katika jimbo la Kentucky, ambako familia nyingi za Wakongomani zilipelekwa kutoka kambi za wakimbizi. Katika mji wa Louisville, baada ya saa sita usiku wa tarehe 13 Machi 2020, polisi walivunja mlango wa dada mmoja mwenye miaka 26, Breonna Taylor, aliyefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Hakimu alikuwa amewapa karatasi ya kuingia bila hodi. Polisi walisema baadaye kwamba hata hivyo waligonga na kujitaja. Rafiki yake aliyekuwa ndani alisema alisikia mlango ukigongwa lakini hakusikia mtu akijitaja kuwa polisi. Alidhani ni wezi, akapiga risasi moja, ikamjeruhi askari mguuni. Polisi wakajibu kwa risasi nyingi, na dada yule akafa. Hakuna dawa za kulevya zilizopatikana nyumbani mwake. Mwezi wa Juni 2020 baraza la mji ule lilikataza karatasi za kuingia bila hodi, na mwezi wa Septemba mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 12. Mwaka 2022 mpelelezi mmoja wa zamani alikiri mahakamani kwamba alishirikiana na mwenzake kuweka habari za uongo katika maombi ya karatasi ile.

Nawaomba muone mambo mawili hapo. Kwanza, walikuwa na karatasi ya hakimu, na bado mtu asiye na hatia alikufa, kwa kuwa aliyekuwa ndani hakujua aliyekuwa nje ni nani. Kugonga tu hakutoshi, lazima aliye nje ajitaje na asikike. Pili, makosa yalianza kabla ya usiku ule, siku mtu alipotoa habari ambazo si za kweli. Machefu wa mitaa, hilo nitawarudia.

Sasa tuangalie kwetu. Hapa wezi wenye silaha nao huvaa sare. Wote mnajua. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesikia teke mlangoni hawezi kutofautisha. Katika mitaa mingi watu wanajilinda kwa kupiga filimbi na sufuria ili majirani watoke. Vijana wengine wanaweka panga nyuma ya mlango. Tuchukue mfano: polisi wa kweli wanakuja kutafuta bunduki, hawapigi hodi, hawajitaji. Mama anapiga kelele, filimbi zinalia, vijana ishirini wanatoka na mapanga gizani. Polisi wanaona umati unawajia, wanapiga risasi. Asubuhi tuna maiti za vijana na labda ya askari mmoja. Bunduki iliyotafutwa haikupatikana, na mtaa wote sasa unawachukia polisi. Hakuna aliyepanga kuua. Hodi moja na jina la kikosi vingeweza kuzuia yote.

Kuna hatari nyingine ambazo hazitoi sauti. Mama na mabinti wanafedheheshwa ndani ya giza, na wengi hawasemi. Watoto waliokwisha kuona vita kijijini wanaiona tena kitandani. Simu, pesa za mboga na nguo zinapotea. Kadi ya mchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho pekee cha wengi wetu, ikichukuliwa, mkimbizi anakuwa mtu asiye na jina, na kizuizi kinachofuata kitamkamata tena. Na mwisho, yule mzazi aliyejua mahali silaha imefichwa ananyamaza. Anasema: "Nikiwaambia, watakuja kuvunja na kwangu."

4. Tufanye nini

Najua mtu atasema: bunduki haisomi Katiba. Ni kweli. Usiku ule, kifungu cha 29 hakitasimama mlangoni na kuzuia risasi, na sitaki mtu yeyote afe akinitaja kwamba nilimwambia abishane. Sheria inatusaidia hasa kabla na baada. Inatusaidia kupatana mapema, na inatusaidia kudai haki tukiwa hai. Kwa hiyo nitagawa maneno haya kwa makundi.

Kwa familia, kabla ya msako. Wekeni vitambulisho vyenu mahali pamoja, na kama mnaweza, fanyeni kopi na kuiacha kwa mtu mnayemwamini, kanisani au msikitini. Ninyi mnaopokea wageni, mpelekeni mgeni kwa chefu wa mtaa siku anapofika, si siku anapotafutwa. Mgeni anayejulikana mchana hashukiwi sana usiku. Wafundisheni watoto kukaa chini na kutulia wakisikia kelele, wasikimbie. Na kama kuna silaha ndani ya nyumba, ya mtoto au ya shemeji aliyetoka porini, msilale nayo. Zungumzeni na kiongozi wa dini au chefu namna ya kuitoa. Silaha moja inahatarisha kiwanja kizima.

Wakati wa msako. Ulizeni kwa sauti ya utulivu: "Ninyi ni akina nani? Mmetumwa na nani?" Washeni taa au tochi kama ipo, mikono ionekane. Ombeni chefu aitwe. Ombeni kuona karatasi. Mkikataliwa, msiwazuie kwa mwili wala kwa panga, semeni tu kwamba hamkukubali, na mshike katika kichwa mnayoyaona: sare, idadi ya watu, jina lililotajwa, nambari ya gari, saa. Simameni mahali mnapoona mikono ya wanaopekua. Mama aombe apekuliwe na mwanamke, na asiachwe peke yake. Msitie sahihi wala kidole kwenye PV ambayo hamkusomewa kwa lugha mnayoisikia.

Baada ya msako. Kama mtu amechukuliwa, hesabuni saa kuanzia dakika ile. Ulizeni amepelekwa kasho gani, na mtu mmoja afike huko mapema asubuhi na chakula, kwa sababu anayetembelewa hupotea kwa shida. Saa 48 zikipita, nendeni parke. Kama waliofanya ubaya ni askari jeshi au polisi, jueni kwamba Kifungu cha 156 cha Katiba kinawapeleka mbele ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo mashtaka yanapelekwa auditorat. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, nayo inapokea malalamiko. Mama au binti aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, hata kama hataki kushtaki. Dawa za kuzuia UKIMWI zinafanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Sheria inangoja, dawa haingoji.

Kwa vijana. Ninawaelewa. Mwanaume anayeona mama yake akisukumwa hawezi kufurahi. Lakini panga mlangoni mbele ya bunduki halimlindi mama, linampa mwenye bunduki sababu. Lindeni mtaa kwa namna nyingine: nani ana simu yenye chaji, nani anajua nambari ya chefu, nani atakwenda asubuhi kasho. Kazi hiyo inahitaji ujasiri pia.

Kwa machefu wa mitaa. Ninyi mnaulizwa majina. "Tupe orodha ya wageni, tupe orodha ya washukiwa." Kuandika wageni wote ni kazi yenu. Lakini orodha ya washukiwa ni jambo lingine. Msitie jina la mtu kwa sababu ya kabila lake, kijiji alichotoka, au ugomvi wa kiwanja na deni. Mkipewa neno juu ya mtu, ulizeni: nani aliona, aliona nini, lini? Kama hakuna jibu, hilo ni uvumi, na uvumi usipelekwe polisi ukiwa umevaa nguo ya ushahidi. Jina mnaloliandika kwa hasira mchana linaweza kuwa kaburi usiku. Na msako ukija, amkeni muende. Uso wa chefu unaofahamika unatuliza walio ndani na walio nje.

Kwa ndugu zetu wa polisi. Tunajua mnafanya kazi kwa mshahara mdogo na mara nyingine bila hata tochi. Hatuwaombi muache kutafuta silaha. Tunaomba mzitafute kwa namna ambayo kesho mtu atawaletea habari nyingine. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inawataka mtumie nguvu pale tu inapolazimu na kwa kipimo. Na Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria, ingawa anayekataa ndiye anayepaswa kuonyesha ubaya wa amri hiyo. Ni mzigo mzito, tunaujua.

Sasa naleta pendekezo, mlijadili leo kabla hatujatawanyika. Lina mambo matatu tu.

Kwanza, polisi wakiingia katika mtaa usiku, wamwamshe chefu au msaidizi wake aende nao. Najua hofu yenu: chefu atatoboa siri. Basi msimwambie mchana. Mwamsheni mkiwa mmekwisha kufika na mtaa umezungukwa. Hapo hakuna siri ya kutoboa, na shahidi yupo.

Pili, wapige hodi, waseme kwa sauti kubwa na kwa Kiswahili kikosi chao na jina la kiongozi wao, na wangoje muda wa mtu kuamka na kuwasha taa. Chefu naye aseme jina lake, ili walio ndani wasikie sauti wanayoijua.

Tatu, kila chefu awe na nambari ya simu ya kamanda wa kituo, na kamanda awe na ya chefu. Watu wenye sare wakionekana bila chefu, simu moja inatosha kuuliza: "Je, hawa ni wenu?" Wakiwa wao, filimbi zinyamaze na milango ifunguliwe. Wasipokuwa wao, polisi wenyewe watataka kujua ni akina nani wanaovaa sare yao.

Mambo hayo hayadai pesa za mfadhili wala gari. Hayatamaliza mateso yote, na pengine usiku mmoja yatavunjwa. Yakivunjwa, tutajua nani alivunja, na tutakuwa na mahali pa kumuuliza, kwa sababu aliahidi mbele ya watu. Amani ya mtaa hujengwa na ahadi ndogo ambazo watu wanaweza kukumbushana.

Sasa mtagawanyika katika makundi matatu chini ya miti ile: familia, machefu na vijana, na polisi. Kila kundi liseme kweli ni jambo gani katika hayo matatu linaloliwia gumu, na kwa nini. Tukirudi, tutaanza na yaliyo magumu, si na yaliyo rahisi.

 Mungu alinde nyumba zenu, zenye milango na zisizo na milango.